Zambarau Iliyomganda Bwana Taratibu

Kazini walimwita Bwana Taratibu. Alikuwa mtu wa kufungua mlango kama anayeogopa kuuamsha. Ukimsalimia asubuhi kwenye korido, jibu lilikufikia mkiwa mmeshapishana, nawe ukalazimika kugeuka na kuitikia mgongo wake. Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alisema kwamba siku ya kumchumbia alikaa kimya muda mrefu hata yeye akadhani kijana amekuja kumpa habari za msiba.

Lakini mahali alipofanya kazi, upole huo ulikuwa mali. Ilikuwa maabara ya kuzalisha rangi za mimea, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha magodoro. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unachukua kipande cha kiazi kitamu cha zambarau, kidogo kama ukucha wa mtoto, unakiogesha dawa ya kuua vijidudu, kisha unakilaza juu ya jeli yenye sukari ndani ya chupa. Halafu unangoja. Kipande hakitoi jani wala mzizi. Kinavimba tu, kinageuka donge lisilo na kichwa wala miguu, mfano wa sifongo iliyosahauliwa kwenye sinki. Donge likiwa na kidoa cha zambarau, unakikata kidoa hicho kwa kisu chembamba na kukihamishia chupa nyingine, na kidoa cha kidoa hicho chupa nyingine tena, mpaka upate donge jeusi tii. Donge hilo unaliogeleza ndani ya maji ya sukari kwenye tangi, linazaana, na rangi unaikamua humo humo. Hakuna shamba, hakuna mvua, hakuna jembe.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao na ambaye alikuwa amelima maisha yake yote, aliposimuliwa hayo aliuliza swali moja tu.

"Sasa hicho kiazi kinajuaje kwamba ni kiazi?"

Bwana Taratibu alilibeba swali hilo kwenda nalo kazini na kurudi nalo juma zima, kisha akamwendea jikoni na kukiri kwamba hajui. Mama mkwe akamheshimu tangu siku hiyo.

Mbegu ya madonge aliyoilea kuliko zote aliiita Mweusi. Ilitoka kwenye kidoa kimoja alichokiona yeye, akakihamisha yeye, akakibania pumzi yeye, maana katika chumba safi pumzi moja ya ovyo huleta ukungu na ukungu hauna huruma. Miaka ilipita, Mweusi akajaa rafu nzima. Mkuu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye haraka ambaye kila mtu alimwita Daktari, alipenda kusema kwamba Mweusi ndiye atakayewalipia umeme. Kiwanda cha pipi kilikuwa kinatafuta rangi ya asili iwekwe badala ya ile ya kopo, na Mweusi alikuwa na rangi ya kuutia wino wivu.

Tatizo la rangi hiyo lilikuwa moja: ilipauka upesi juani. Daktari akahangaika mpaka akapata dawa ya kuishikisha, nayo imetoka kwenye mmea, haina madhara tumboni. Akaichanganya na rangi iliyokamuliwa, pipa zima, na pipa likapandishwa juu ya meza kando ya tangi ili mnunuzi wa kiwanda cha pipi aje alione.

Wiki ile ile mashine ya hewa ya chumba safi iliharibika, na ukungu ukaingia. Chupa zote za Mweusi zikaota pamba nyeupe. Bwana Taratibu alizichemsha moja moja kabla ya kuzitupa, na kila alipofunga mfuniko wa sufuria alikuwa kama mtu anayefunga macho ya marehemu. Akabaki Mweusi wa kwenye tangi peke yake.

Mnunuzi akaja. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu nyingi na viatu vyeupe. Daktari akamweleza mambo ya tangi kwa kasi, akapiga konde ubavu wa tangi kuonyesha uimara wake, akafungua koki ili mgeni aone kimiminika kinavyotoka. Bomba likachomoka. Kwa nguvu ya msukumo uliokuwa ndani, likaanza kuruka huku na kule kama nyoka aliyekanyagwa, likitapika zambarau ukutani, darini na kwenye picha ya mfadhili.

Hapo Bwana Taratibu akakimbia.

Waliokuwepo walilisimulia hilo kwa miezi, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Aliruka juu ya kiti, akalikumbatia bomba kwa mikono na miguu, akaanguka nalo, akalibana kwapani huku akilisihi, "Tulia, baba. Tulia." Bomba halikutulia. Liligonga mguu wa meza, meza ikainama, na pipa lililokuwa juu yake likammwagikia lote, kuanzia utosini.

Kulipokuwa kimya, tangi lilikuwa tupu, Mweusi aliyemwagika sakafuni amekwisha kumezwa na mfereji wa maji machafu, na Bwana Taratibu amekaa katikati, zambarau kama bilinganya, amekumbatia bomba lisilo na kitu. Mnunuzi alikuwa nje ya mlango na viatu vyake vyeupe vile vile, kwa sababu Daktari alikuwa amemsukuma kwa bega.

Wakampeleka Bwana Taratibu kwenye sinki. Wakafungulia maji. Maji yalimpita usoni, shingoni, mikononi, yakaingia mferejini yakiwa meupe pe.

"Daktari, haitoki," alisema kwa huzuni.

"Haitoki!" Daktari alijibu kwa furaha, akaenda mbio kuleta kipima rangi, akakibandika kwenye paji la uso la Bwana Taratibu. "Usijisugue. Tafadhali usijisugue. Wewe ndiye sampuli."

Mambo yangeishia hapo kama si mtunza stoo. Huyo alikuwa mtu ambaye hata sabuni ya chooni aliikabidhi kwa mashahidi. Aliposikia kelele alipanda ngazi, akatazama meza.

"Pipa langu liko wapi?"

"Limemwagika," walimwambia.

"Limemwagikia wapi?"

Wote wakamtazama Bwana Taratibu. Mtunza stoo akamzunguka mara moja, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Basi halijapotea," alisema. "Limehama chombo tu."

Saa ya kutoka ilipofika, mlinzi wa getini alimzuia. Alikuwa mlinzi mwema, mpenda watu, na aliomba radhi kabla hata ya kueleza kosa. "Kaka, mimi nakufahamu vizuri. Lakini nimeambiwa mali ya maabara haitoki bila kibali, na mali yenyewe, samahani, naiona kwa macho yangu."

Bwana Taratibu hakubishana. Alikaa kwenye benchi la mlinzi, mikono mapajani. Wapita njia wakasimama kumtazama kupitia nondo za geti. Mmoja aliuliza kama ni sanamu na kama itauzwa.

Mlinzi ndiye aliyempigia simu mkewe. Mwalimu alifika na mwavuli mkononi, chaki bado kwenye vidole. Alimtazama mumewe tangu juu hadi chini.

"Nani amekufanya hivi?"

"Bomba," alijibu.

Mwalimu akamgeukia mtunza stoo, ambaye alikuwa ameshuka na kufuli lake. "Baba, naomba mume wangu. Watoto wa watu wamenichosha leo, sitaki maneno."

"Mama, mumeo hatujamkataza kutoka. Yeye aende tu hata sasa hivi. Rangi ndiyo inabaki."

"Sawa. Mvue."

"Nani?"

"Wewe. Mvue hiyo rangi hapa mbele yangu, uikunje uitie stoo, mimi niondoke na kilichobaki."

Mtunza stoo alifikiri kwa dhati. Unaweza kumlaumu kwa mengi, lakini si kwa kukosa kufikiri. Mwishowe wakakubaliana kwamba mwalimu aazimishwe rangi hiyo. Karatasi ikaletwa. Mahali pa jina la bidhaa pakaandikwa rangi ya zambarau, pipa moja. Mahali pa chombo pakaandikwa mume. Mahali pa hali ya chombo mtunza stoo alisita, akamtazama Bwana Taratibu aliyekuwa ameanza kusinzia kwa uchovu, akaandika: kimejaa.

"Arudishwe asubuhi kabla ya chai," alisema, "na asilowekwe."

Nyumbani, binti yao aliyekuwa akijisomea mezani alinyanyua kichwa. "Baba, hiyo shati mpya?"

"Siyo shati," alisema baba yake, akaenda kukaa kwenye kigoda uani.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kusubiri maelezo. Alileta beseni, mche wa sabuni na dodoki, akaanza na mkono wa kushoto. Akasugua kama anayesugua masizi ya sufuria. Povu lilipokatika, mkono ulikuwa bluu. Akasugua zaidi, ukaelekea kijani. Akapiga yowe lililowafanya majirani wachungulie juu ya ukuta.

"Mama, usiogope," Bwana Taratibu alimwambia. "Ndivyo ilivyo. Rangi hii ikikutana na sabuni inakwenda kwenye bluu. Ikikutana na kitu kichachu inarudi kwenye wekundu."

"Kichachu kama nini?"

"Kama ndimu."

Angenyamaza ingekuwa heri. Mama mkwe alikuwa na kikapu kizima cha ndimu. Akakata, akakamua, akapaka shavu la kulia, na shavu la kulia likawa la waridi kama la mwanasesere. Binti akaacha vitabu. Mwalimu, aliyekuwa amenuna tangu getini, akaanza kucheka kwa siri, kisha kwa wazi. Wakashika zamu, huyu sabuni, yule ndimu, mmoja paji la uso, mwingine kidevu, wakijadiliana kama wapaka nyumba wasioelewana kuhusu sebule. Bwana Taratibu alikaa tuli. Baadaye alimwambia mkewe kwamba katika maisha yake hakuwahi kushikwa na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja, na kwamba, ukiondoa ndimu ya machoni, haikuwa mbaya.

Ndipo mwalimu, akimsafisha sikio la kushoto kwa ncha ya kitambaa, akatoa kitu kidogo cheusi. Akakunja uso, akanyoosha mkono kukitupa mferejini.

"Usitupe!"

Nyumba nzima ikasimama. Hakuwahi kupaza sauti ndani ya nyumba ile, hata siku paa lilipopeperuka.

Alikipokea kwa viganja viwili. Kilikuwa donge, dogo kama punje ya mtama, jeusi, linang'aa. Lilikuwa limerushwa na bomba na kujificha sikioni. Akainuka, bluu huku na waridi kule, akachemsha glasi, akachemsha kijiko, akachemsha maji na kuyatia sukari, akayapoza, akalilaza donge humo na kufunika kwa kisahani kilichochemshwa pia. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya glasi.

Mama mkwe akasogea. "Huyo ndiye nani?"

"Mweusi, mama."

Mama mkwe alishusha sauti kama mtu aliyeingia wodini. "Ana hali gani?"

"Sijui. Ni mchafu sana. Sikio langu si mahali pazuri."

"Hilo nimeliona," alisema mama mkwe, akaenda kuwaambia wengine wasipige kelele.

Asubuhi alikwenda kazini kwa miguu, glasi kifuani chini ya koti. Barabara aliyoipita miaka yote bila kuonwa na mtu sasa ilimpa nafasi. Fundi viatu alijichoma sindano. Mama mmoja aliyebeba ndoo alivuka upande wa pili, akafikiri, akarudi ili aone vizuri. Watoto wakamfuata wakibishana kama anaumwa au ameajiriwa. Naye, kwa kuwa hakutaka glasi itikisike, alimwitikia kila mmoja kwa upole ule ule, "Salama, salama," akitembea kama aliyebeba uji wa moto.

Getini mtunza stoo alimpokea na karatasi yake. Akamkagua. "Ilitoka zambarau," alisema. "Naona bluu, naona waridi, na hapa nyuma ya shingo sijui niite nini. Nani atawajibika?"

"Niache nipite, ndugu yangu. Nina mgonjwa," Bwana Taratibu alisema, akampita. Mtunza stoo alibaki mdomo wazi, kwa sababu hilo nalo lilikuwa jipya.

Daktari alipooneshwa glasi alikaa chini. Halafu akanawa mikono, akafunga barakoa, na wote wawili wakaingia chumba safi, ambacho mashine yake ya hewa ilikuwa imetengenezwa. Walilikata donge vipande, wakaviogesha dawa kwa kipimo cha wasiwasi, maana dawa kidogo haiui ukungu na dawa nyingi inamuua mgonjwa mwenyewe. Kila kipande wakakilaza kwenye chupa yake.

Chupa ya kwanza ikaota pamba. Ya pili ikaota kijani. Nyingine zikafuata, na Bwana Taratibu akazichemsha kama kawaida yake. Ikabaki moja ambayo haikuota ukungu, na haikuota kitu kingine chochote.

Katika siku hizo hizo mnunuzi alirudi. Daktari alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba dawa ya kushikisha rangi inafanya kazi kupita matarajio, na ushahidi unatembea kwa miguu yake. Mnunuzi alimsimamisha Bwana Taratibu dirishani, akamgeuza juani, akaandika, akamgeuza tena. Mwishowe akakohoa.

"Nina ombi, nalo linanitia aibu," alisema. "Kiwandani watauliza kama ina ladha. Pipi ya zabibu haiwezi kuwa na ladha ya kiazi. Na rangi nyingine hamna."

Bwana Taratibu akatazama kidole chake cha shahada, ambacho kilikuwa hakijaguswa na sabuni wala ndimu. Akakiosha kwa maji yaliyochemshwa, akakikausha vizuri, akakinyoosha, akatazama dari. Mnunuzi naye akafumba macho, akalamba kidogo tu, kwa heshima, kama anayeonja mchuzi kwa wakwe.

"Haina ladha," alisema, akafuta mdomo kwa leso. "Safi kabisa. Asante sana, bwana."

"Karibu," alijibu Bwana Taratibu. Hawakuangaliana tena mpaka mgeni akaondoka.

Ile chupa moja iliyobaki hatimaye ikavimba. Bwana Taratibu alimwita Daktari. Donge lilikuwa hai, limenenepa, lina afya, na ni jeupe. Jeupe kama mkate. Hapakuwa na hata doa.

Aliketi kwenye kiti cha chumba safi na machozi yakamtoka chini ya miwani. Daktari alimwekea mkono begani. "Hajafa," alisema. "Amesahau tu. Tumemlea kwa sukari nyingi na kivuli. Tumpunguzie chakula, tumsogeze kwenye mwanga na baridi kidogo. Akiteseka kidogo atakumbuka rangi."

Jambo hilo lilimuuma Bwana Taratibu, kumnyima chakula mgonjwa aliyetoka mbali vile, lakini alifanya. Aliiweka chupa chini ya taa kali, akapunguza sukari, akaja kuitazama kila alipopata nafasi, akiomba radhi kimoyomoyo.

Wakati huo naye mwenyewe alikuwa ameanza kupauka. Zambarau ilimtoka kwanza mashavuni, kisha kwenye mikono. Na ikawa asubuhi moja alipofika, akakuta ubavuni mwa lile donge jeupe kidoa cha zambarau, kidogo kama nukta ya kalamu.

Mama mkwe alipopata habari hakushangaa. "Si linakunyonya wewe," alisema. "Wewe unapungua, lenyewe linaongezeka. Hata mtoto wa tumboni ndivyo anavyofanya." Akaanza kumjazia sahani mara mbili, akisimama nyuma yake mpaka amalize, na maelezo yoyote ya kisayansi aliyajibu kwa kumwongezea. Binti yao alimwambia baba yake aache kubishana. Kufikia wakati uso wake ulipokuwa uso wake tena, Bwana Taratibu alikuwa amelegeza mkanda matundu mawili.

Kidoa kikakatwa, kikahamishwa, na kidoa cha kidoa. Mweusi mpya hakuwa mweusi sana kama yule wa kwanza. Alikuwa na wekundu kidogo ukimwangalia kwenye mwanga. Daktari alimsajili kwa jina la Sikio la Kushoto, na kila mgeni alipouliza asili ya jina hilo, wote chumbani walipata kazi ya kufanya ghafla. Tangi likajaa tena. Bomba likafungwa kwa vibano vya chuma, na juu ya vibano Bwana Taratibu akazungusha mpira, na juu ya mpira waya. Akapewa usimamizi wa chumba safi kizima. Aliukubali kwa sharti kwamba kwenye mikutano mtu mwingine aseme.

Barabarani fundi viatu aliendelea kumsalimia. Mwanzoni alimuuliza kama ile kazi imekwisha, na alipoambiwa imekwisha alisikitika naye kwa dhati. Wakazoea kusimama kidogo kila asubuhi, fundi akiongea, yeye akiitikia kwa wakati wake.

Kiwanda kilipotoa pipi za kwanza, kilituma boksi. Bwana Taratibu alirudi na mfuko wake jioni, akaumwaga kwenye sahani sebuleni. Binti alichukua nyingi, mwalimu akachukua moja akainusa kwanza. Mama mkwe aliigeuza yake kwenye mwanga wa dirisha, akaitia mdomoni, akamung'unya muda mrefu huku wote wakimtazama. Ilipoisha alikwenda kwenye kioo cha ukutani, akatoa ulimi uliokuwa zambarau tupu, akautazama huku na huku. Kisha akavaa viatu, akafunga mtandio wake vizuri, akatoka kwenda kumwonyesha jirani.